Vipandikizi vya Meno (2): Kekee Inapounguza Mfupa

Wiki iliyopita tuliona jinsi Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alivyogundua, miaka ya 1950, kwamba mfupa hai hushikamana na titani, na jinsi mgonjwa wake wa kwanza alivyopandikiziwa mwaka 1965. Leo tuingie kwenye tundu lenyewe, lile linalotobolewa kwenye mfupa wa taya ili kuweka kipandikizi cha titani.

Adui mkubwa ni joto. Kekee ikizunguka ndani ya mfupa husuguana nao, na msuguano huzaa joto. Mwaka 1983 Eriksson na Albrektsson walionyesha, kwa majaribio ya sungura, kwamba nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja zinatosha kudhuru mfupa. Mwili wenyewe una nyuzi 37, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni finyu. Tena mgonjwa hasikii kitu, maana ana ganzi. Seli hufa kimyakimya, na badala ya mfupa mpya kuota hadi ugusane na titani, katikati hujaa tishu laini. Kipandikizi huanza kucheza kikiguswa, na hapo hakuna dawa ya kukikaza, hutolewa.

Ndiyo maana daktari makini hatoboi kwa mkupuo mmoja. Huanza na ncha nyembamba, ya milimita 2 hivi, kisha hupanua kidogo kidogo huku maji ya chumvi yakimiminika. Kila mara huinua kekee ili unga wa mfupa utoke, kwani ukiziba mifereji ya ncha, maji hayafiki chini. Ncha butu nayo ni balaa: humlazimu akandamize zaidi. Kliniki inayobana matumizi kwa kung'ang'ania ncha zilizokwisha makali inabana mahali pabaya kabisa.

Ajabu ni kwamba mfupa mgumu wa mbele ya taya la chini, unaoshika vizuri siku ya kwanza, ndio unaopata moto upesi. Nyuma ya taya la juu mfupa ni laini. Huko tundu huachwa jembamba kidogo ili kipandikizi kibane. Lakini kikibana kupita kiasi, mfupa uliokandamizwa hufa vilevile.

Hata kazi ikifanywa vizuri, uimara hupungua kidogo mnamo wiki ya tatu au ya nne, mfupa wa zamani unapoondolewa kabla mpya haujakomaa. Msomaji uliyepandikiziwa, wiki hizo usitafunie upande huo mahindi ya kuchoma, na kipandikizi kikicheza rudi kwa daktari bila kungoja tarehe ya miadi.