Arubuni ya Fundi wa Nyumba

Ndugu wafanyakazi, kule Kashikishi, kando ya ziwa Mweru nchini Zambia, uvuvi hufungwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, katikati ya masika. Mvuvi akimkabidhi fundi fedha zote mwezi Oktoba, naye fundi akatoweka, watoto watalala chini ya paa linalovuja mpaka Machi. Sisi wa mshahara angalau tuna mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo twasema: mabati, misumari na saruji nunua mwenyewe, risiti kaa nazo. Arubuni iwe ya ufundi tu, tena kidogo. Fedha iliyobaki atalipwa paa likishaezekwa. Andikianeni mbele ya mashahidi, hata kama fundi ni shemeji yako. Shemeji hasa!