Mashine Hununuliwa Mara Moja, Stripu Kila Mwezi

Glukomita, mashine ndogo ya kupimia sukari ya damu, mara nyingi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika gharama za mgonjwa wa kisukari. Wauzaji huipunguza bei, huigawa bure kwenye kambi za upimaji au huifungasha pamoja na stripu chache za kuanzia. Faida ya biashara hii imo kwenye stripu zenyewe, vile vipande vyembamba vinavyochomekwa kwenye mashine, vikapokea tone la damu na kutupwa baada ya kipimo kimoja. Kila kampuni hutengeneza stripu za mashine zake tu, na hata mashine mbili za kampuni moja huenda zisitumie stripu za aina moja. Anayechagua mashine amekwisha kuchagua pia stripu atakazozinunua kwa miaka.

Mwanzoni vifaa hivi havikuwa vya nyumbani. Mwaka 1965 kampuni ya Ames ya Marekani ilitoa Dextrostix, stripu iliyobadilika rangi ikidondoshewa damu. Baadaye mhandisi wake, Anton Clemens, akabuni mashine ya kuisoma rangi hiyo, yenye uzito wa zaidi ya kilo moja na bei ya mamia ya dola. Iliuzwa kwa madaktari na hospitali. Richard Bernstein, mhandisi aliyeugua kisukari tangu utotoni, aliipata kwa sababu mkewe alikuwa daktari. Mwaka 1987 iliingia sokoni ExacTech, yenye umbo la kalamu, iliyopima mkondo mdogo wa umeme badala ya rangi. Kisha mwaka 1993 matokeo ya utafiti mkubwa wa DCCT uliofanyika Marekani na Kanada yalionyesha kwamba wagonjwa wa aina ya kwanza wanaoidhibiti sukari kwa karibu hupunguza sana madhara ya macho, figo na neva. Kupima nyumbani kukawa sehemu ya matibabu, na mahitaji ya stripu yakapanda.

Kwa muda mrefu soko lilishikwa na majina manne: Roche yenye Accu-Chek, Johnson & Johnson yenye OneTouch, Bayer yenye Contour, na Abbott. Ushindani wa bei za stripu ulipokaza, wawili walijitoa. Bayer iliuza kitengo chake kwa Panasonic Healthcare mwaka 2016, na Johnson & Johnson ikaiuza LifeScan, mtengenezaji wa OneTouch, kwa kampuni ya uwekezaji ya Platinum Equity mwaka 2018. Wakati huohuo watengenezaji wa Asia, kama SD Biosensor ya Korea Kusini na Sinocare ya China, walikuwa wakipanua soko lao kwa stripu za bei nafuu. Ndiyo maana kwenye maduka ya dawa ya Dar es Salaam na Nairobi majina makongwe hukaa rafu moja na majina mageni kwa mnunuzi.

Hesabu ya mnunuzi huanzia kwenye boksi la stripu 50. Mgonjwa anayejichoma insulini na kupima mara nne kwa siku hutumia stripu 1,460 kwa mwaka, yaani zaidi ya maboksi 29. Anayetumia vidonge na kupima mara tatu kwa wiki hutumia 156, maboksi matatu na ushei. Tuseme boksi la aina moja ni shilingi 35,000 na la aina nyingine ni 25,000. Stripu moja ni shilingi 700 kwa aina ya kwanza na 500 kwa ya pili, na anayepima mara nne kwa siku atatofautiana na mwenzake kwa shilingi 292,000 kwa mwaka. Punguzo la bei ya mashine, hata likiwa la shilingi 30,000, humezwa ndani ya wiki sita. Kwa anayepima mara tatu kwa wiki, punguzo hilohilo huchukua karibu mwaka mzima kumezwa.

Unafuu wa bei hauna maana kama jibu ni la uongo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka angalau asilimia 95 ya vipimo viwe ndani ya asilimia 15 ya jibu la maabara pale sukari inapofikia milimoli 5.55 kwa lita au zaidi, na ndani ya milimoli 0.83 inapokuwa chini ya hapo. Kwa hiyo sukari ya 10 inaweza kusomeka 8.6 au 11.4 bila mashine kuwa mbovu. Upungufu wa damu huwa unapandisha jibu juu ya ukweli, jambo la kuangaliwa palipo na malaria na selimundu. Hata mikono huchangia: aliyetoka kumenya embe akapima bila kunawa huenda akasoma sukari ya embe iliyobaki kidoleni.

Hifadhi nayo ina gharama yake. Stripu nyingi hutakiwa zisizidi nyuzi joto 30, na kimeng'enya kilichopakwa juu yake huharibiwa na joto na unyevu. Kichupa kilichoachwa wazi jikoni, au ndani ya gari lililoegeshwa juani, kinaweza kutoa majibu yasiyoaminika kabla ya tarehe ya mwisho kufika. Wanaonunua stripu za kuhesabu zilizotolewa kwenye kichupa chake hupoteza kinga hiyo, pamoja na tarehe na namba ya toleo.

Mashine zinazotumwa na ndugu walioko ughaibuni zina mitego miwili. Za Marekani husoma miligramu kwa desilita, ilhali kliniki za Tanzania na Kenya, kama za Uingereza, huandika milimoli kwa lita. 126 ya huko ni 7.0 ya hapa, kwa kugawanya kwa 18. Mtego wa pili ni stripu zake kutopatikana madukani, mashine ikabaki pambo la kabatini.

Kwa watoto na vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza, uchaguzi mara nyingi hufanywa na mfadhili. Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa mwaka 2009 na Novo Nordisk ikishirikiana na Roche na wengine, hutoa insulini na vifaa vya kupimia bure katika nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Kijana anapovuka umri wa mpango, huondoka na mashine aliyoizoea, na boksi la kwanza atakalolinunua mwenyewe ndilo linaloonyesha kama ataweza kuendelea nayo.

Vihisi vya kubandikwa mkononi, kama FreeStyle Libre iliyoingia Ulaya mwaka 2014, vimepunguza kuchoma kidole. Biashara yake haikubadilika: kihisi cha siku 14 hununuliwa mara 26 kwa mwaka, na gharama imo humo.