Programu za Simu za Kujifunza Lugha za Kigeni: Yajue Haya Kabla ya Kulipia

Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, wageni hupungua katika Eneo la Hifadhi la Ngorongoro. Ndiyo miezi ambayo waongoza watalii na wahudumu wa hoteli za Karatu hupata nafasi ya kujifunza lugha, kwani anayemudu Kijerumani au Kifaransa pamoja na Kiingereza ana matumaini zaidi ya kuitwa kazini msimu uanzapo mwezi Juni. Wengi sasa hutumia programu za simu zinazotamka maneno, zinazosikiliza sauti ya mwanafunzi na kumpa pointi kama mchezo. Programu hizo zina manufaa ya kweli, na zina gharama ambazo hazionekani zote siku ya kwanza.

Manufaa makubwa yamo katika kumbukumbu. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu jinsi mtu anavyosahau haraka asiporudia alichojifunza. Michezo mingi ya msamiati hufuata kanuni hiyo: neno ulilokosea hurudi mapema, ulilolijua hucheleweshwa. Kwa anayetaka kukumbuka kwamba kifaru ni “Nashorn” na kiboko ni “Nilpferd” kwa Kijerumani, utaratibu huo wafaa kuliko kukariri orodha ndefu kwa siku moja. Hata hivyo, kazi hiyo hiyo hufanywa na vikadi vya karatasi ndani ya kisanduku, bila bando wala ada. Sebastian Leitner aliifafanua mbinu hiyo mwaka 1972.

Kuhusu sauti, tahadhari yahitajika. Programu hulinganisha matamshi yako na sauti nyingi ilizofunzwa, kisha hukadiria. Alama ya kijani humaanisha kwamba mashine imekisia umelitaja neno lililotarajiwa. Haithibitishi kwamba mgeni kutoka Berlin atakuelewa. “Löwe”, yaani simba, lina irabu isiyokuwamo katika Kiswahili, na programu isiyo kali yaweza kulipokea hata likitamkwa “lewe”. Upepo au kelele za gari nazo zaweza kukukosesha alama uliyostahili. Zaidi ya hayo, mchezo hutuza majibu yaliyokwisha kupangwa. Aliyekusanya pointi elfu kumi huenda bado asiweze kumwambia mgeni, kwa haraka na kwa ufasaha, asishuke garini. Jipime kwa kuzungumza na mtu aijuaye lugha hiyo kabla ya kulipia ngazi inayofuata.

Malalamiko mengi huweza kuepukwa kwenye malipo. Majaribio ya bure mara nyingi hutaka kwanza njia ya malipo. Siku zikiisha, ada hukatwa yenyewe, wakati mwingine ya mwaka mzima. Kuifuta programu kwenye simu hakusitishi usajili. Usitishe ndani ya Google Play, katika sehemu ya malipo na usajili, kabla muda wa majaribio haujaisha. Ukikatwa bila kutarajia, omba kurejeshewa fedha ndani ya saa 48, kwa kuwa baada ya hapo kwa kawaida huelekezwa kwa mtengenezaji wa programu, na utunze ujumbe wa muamala. Chunguza pia lugha ya maelezo: programu nyingi hufundisha Kifaransa kupitia Kiingereza, na asiyekijua Kiingereza vyema atakuwa amelipia masomo asiyoweza kuyafuata.

Sauti inayoweza kukutambulisha ni taarifa binafsi, nayo hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ruhusu maikrofoni pale tu programu inapotumika, na usome kama rekodi zako huhifadhiwa. Lalamiko kuhusu matumizi ya sauti yako hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lalamiko la bando huanzia kwa kampuni ya simu; usiporidhika, lifikishe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na tarehe, kiasi kilichokatwa na majibu uliyopewa.