Ampli ya mdogo wangu na usingizi wa mama jirani



Mdogo wangu anapiga gitaa kwenye kwaya. Mwaka jana kwaya yao ilinunua vyombo vipya, naye akapewa ampli ya zamani aende nayo nyumbani: Fender Twin Reverb, ya lampe, wati 85, bafle mbili ndani, kilo karibu 30. Vijana wawili waliipandisha ngazi za Kadutu wakihema. Mimi nilifurahi, kwani kijana anayepiga gitaa nyumbani haonekani kwenye nganda.

Furaha ilidumu hadi jioni. Alipogusa uzi mmoja tu, mtoto wangu wa miezi minane alishtuka kitandani akilia. Na ukuta kwa ukuta na sisi anaishi mama mmoja anayeamka saa tisa za usiku kwenda kuwangoja wavuvi wa sambaza. Siku ya tatu alisimama mlangoni kwangu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Mwalimu, mimi nalala lini?" Nilisikia haya sana.

Nikasema chombo kiuzwe. Mdogo wangu akaniomba: "Dada, nipe wiki mbili." Tukaanza kutafuta pamoja, na nilijifunza mambo ambayo sikufundishwa pedagojia.

Kwanza, sikio halihesabu kama sisi sokoni. Ampli ya wati 50 haitoi nusu ya sauti ya wati 100. Tofauti ni desibeli 3, kidogo sana. Ili sauti isikike kama imepungua nusu, inabidi nguvu igawanywe karibu kwa kumi. Basi mama akiambiwa na mwanaye "ninunulie ndogo ya wati 15, haitasumbua mtu", asikubali haraka. Katika chumba cha mita tatu kwa tatu, wati 15 bado ni kelele.

Pili, wapiga roki wa Uingereza na Marekani hupenda kufungua ampli ya lampe mpaka mwisho, maana lampe zikisukumwa sana sauti inakwaruza, na mkwaruzo huo ndio wanaoutafuta. Lakini sebene yetu inataka gitaa safi, kila uzi usikike. Nikamwuliza: wewe unafungua kwa sababu gani? Alicheka, hakuwa na jibu.

Kitufe cha ampli kina tabia mbaya: kati ya sifuri na mbili, sauti inaruka ghafla. Sasa anakiacha chini kabisa, halafu anapunguza tena kwa kitufe cha gitaa yenyewe. Tuliitoa ampli kwenye kona, maana kona inaongeza sauti nzito, na sauti nzito ndiyo inayopita ukutani. Besi akaipunguza. Kisha tukaiweka juu ya meza ya mbao, ikimtazama usoni. Ilipokuwa sakafuni ilimpigia magotini, hajisikii vizuri, anaongeza!

Kuna pia kisanduku kinachowekwa kati ya ampli na bafle, kinachogeuza sehemu ya nguvu kuwa joto. Lazima kiweze kubeba wati zote za ampli, na omu zake zilingane. Hicho ni cha wale wa mkwaruzo; sisi hatukukinunua.

Hapa sikilizeni vizuri. Fundi mmoja alimshauri achomoe waya wa bafle ili ampli inyamaze. Hapana! Ampli ya lampe ikipigwa bila bafle, transfo yake inaweza kuungua. Wazo langu la kuifunika blanketi nalo lilikuwa baya, kwa sababu lampe zina joto kali na zinataka hewa. Na ndani mna volti zaidi ya 400, ambazo zinaweza kubaki hata baada ya kuitoa kwenye priza. Mtoto asiifungue kamwe.

Kuhusu masikio, Shirika la Afya Duniani (OMS) linatoa kipimo kwa wiki: desibeli 80, saa 40, desibeli 90, saa 4, desibeli 100, dakika 20 tu. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa, haviotii tena. Kijana akitoka chumbani akilalamika kwamba masikio yanalia, tayari amepita kiasi.

Wiki mbili zilipoisha, nilimtuma mdogo wangu akakae sebuleni kwa jirani wakati mimi nikikwangua nyuzi hovyo hovyo. Alirudi ameinamisha kichwa. "Dada, hata sasa inasikika." Akapunguza tena, na wao wawili wakapatana saa: kumi hadi kumi na moja ya jioni, kabla mama hajalala.

Juzi mama huyo alituletea sambaza kwenye sahani, akauliza kwa nini siku mbili hamsikii kijana. Kuranti ilikuwa imekatika.