Kiapo Pekee Hakitoshi: Namna ya Kufundisha Maadili ya Udaktari

Wanafunzi wa udaktari katika nchi nyingi hula kiapo wamalizapo masomo. Mojawapo ya viapo hivyo ni Azimio la Geneva la mwaka 1948, limtakalo daktari aitangulize afya ya mgonjwa wake. Je, kuyakariri maneno hayo kwatosha? Na tutazame kisa kimoja kitumiwacho sana katika somo hili.

Mwaka 1932, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, Idara ya Afya ya Serikali ya Marekani ilianza kuwachunguza wanaume weusi wapatao 600. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuelezwa ugonjwa wao. Waliambiwa tu kwamba wana "damu mbaya". Katika miaka ya 1940 penisilini ilithibitika kuwa dawa ya kaswende, lakini wao hawakutibiwa kwayo. Azimio la Geneva lilipotolewa, uchunguzi huo ulikuwa umefikia miaka 16. Uliendelea miaka 24 zaidi, hadi magazeti yalipoufichua mwaka 1972. Aliyetoa habari hizo, Peter Buxtun, hakuwa daktari, bali mtu aliyepata kuwa mtumishi wa idara hiyo.

Mwalimu hodari hakisimulii kisa hiki chote kwa mfululizo. Hufika penye penisilini, akanyamaza, kisha akauliza: "Wewe ni daktari kijana. Mkubwa wako amekuagiza uendelee kutazama tu. Utafanya nini?" Wanafunzi hujadiliana katika vikundi na kutoa sababu, ndipo waelezwapo yaliyotokea. Hivyo hujizoeza kuamua kabla hawajakutwa na jambo lenyewe.

Lakini somo haliishii darasani. Wodini, wanafunzi humtazama mwalimu wao: je, amemwomba mgonjwa ruhusa kabla ya kumpima? Akimzungumzia mgonjwa kana kwamba hayupo, somo la asubuhi limefutika.

Nasi walimu wa shule za msingi hatuna budi kujipima kwa kipimo hicho. Twafundisha heshima, kisha twasoma kwa sauti alama za mtoto aliyeshindwa, wenzake wakimcheka. Twafundisha ukweli, kisha twaandika kwamba mada imekwisha, ilhali hatukuifundisha. Watoto wanatuona. Basi twendapo mazoezini, kila mmoja wetu ateue kisa kimoja cha maisha ya shule, akikatishe penye uamuzi, awaulize watoto wangefanya nini. Jioni, ajiulize yeye mwenyewe swali lilo hilo.