Askari wa Liuli kwa Dakika Arobaini

Kisanamu cha askari kilicho mezani kwangu kina urefu wa milimita 28, kiasi cha pingili ya kidole gumba. Maana yake, mtu mzima amepunguzwa mara 60. Ukikitazama kutoka umbali wa sentimita 60, unakiona kama ungemwona mtu halisi aliyesimama mita 36 mbele yako. Siku moja simama mlimani hapa Kingerikiti, umtazame jirani anayechuma kahawa umbali huo. Mboni za macho yake huzioni. Vifungo vya shati huvioni. Unachoona ni rangi ya nguo, namna alivyosimama na alichobeba. Basi paka hayo matatu. Anayechora mboni za macho kwa ncha ya sindano anapaka kitu ambacho hata adui wa askari huyo hakukiona.

Ila kabla ya kushika burashi, chagua mwaka. Wanaoanza huruka hatua hii, na kosa hilo ndilo linalowapotezea saa nzima baadaye. Mimi nimechagua Agosti 1914, na mahali ni Liuli, chini kabisa kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lililofanana na sanamu ya Sfinksi ya Misri. Mwezi huo meli ya Waingereza, Gwendolen, ilikuja ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake alikuwa bado hajapata habari kwamba vita imeanza, na aliyempiga alikuwa rafiki yake wa kunywa naye!

Askari wa jeshi la Wajerumani wa mwaka huo alivaa kaki juu na chini, tarbushi iliyovikwa kaki yenye nembo ya tai mbele, mikanda ya ngozi, na vitambaa vya bluu vilivyozongwa kuanzia kifundo cha mguu hadi chini ya goti. Ombasha, mwenye cheo cha kwanza juu ya askari wa kawaida, alikuwa na alama nyekundu mkononi, na cheo kikipanda alama ziliongezeka. Ukitaka kazi nyepesi zaidi, mpake wa 1918. Novemba 1917 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alivuka mto Ruvuma akawateka Wareno pale Ngomano, na aliporudi mwaka uliofuata kupitia upande wa Songea, watu wake walikuwa wamevaa mchanganyiko wa nguo za mateka. Hapo rangi yoyote iliyofifia inakubalika.

Picha za zamani usiziamini kwa rangi. Sahani za kupigia picha za wakati ule hazikuiona nyekundu, ikatoka nyeusi. Bluu nayo ikatoka nyeupe-nyeupe. Wengi wamepaka vitambaa vya miguuni rangi ya maziwa kwa sababu hiyo. Hata Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, itakufundisha mkao tu, kwani shaba haina kaki. Kwa mkao na mwendo, mwalimu wangu mkubwa ni ngoma ya mganda ya kule ziwani, iliyotokana na gwaride la askari wa enzi hizo. Tazama mabega ya wachezaji.

Sasa kazi. Tabaka la kwanza ni kahawia iliyokolea, ya kopo la kupuliza. Wenzangu wengi hutumia nyeusi au nyeupe, nami sioni sababu. Kahawia tayari ni rangi ya ngozi iliyo kivulini, tayari ni mti wa bunduki, tayari ni mkanda. Popote burashi isipofika, kosa halionekani. Ikikauka, paka kaki ukiacha uzi mwembamba wa kahawia kwenye mikunjo na kando ya mikanda. Halafu bluu miguuni, rangi ya chuma kwenye mtutu, nukta moja ya rangi ya metali kwa yule tai. Kama una visanamu kumi, wapake wote kaki kwanza, ndipo ushike bluu. Ukifika wa kumi, wa kwanza ameshakauka.

Baada ya hapo chukua kahawia, iongeze maji mpaka iwe kama chai ya rangi, tia tone la sabuni ya maji isifanye matone kama umande, kisha mwogeshe mwili mzima. Itatuama yenyewe penye mikunjo. Ikikauka, chovya burashi kuukuu kwenye kaki hafifu, ifute kitambaani mpaka udhani imekwisha, uipitishe juu juu tu.

Ngozi ndiyo ninayoikawilia. Maelekezo mengi yameandikwa kwa nyuso za Wazungu: ongeza nyeupe kidogo, ongeza tena. Ukimfanyia hivyo askari Mmanyema au Msukuma, anapauka kama mtoto aliyeoga asipakwe mafuta. Ongeza rangi ya matofali, kisha chembe ya manjano ya udongo, kwenye paji, pua, mfupa wa shavu na migongo ya vidole. Migongo ya vidole ikikaa sawa, bunduki inaonekana imeshikwa kweli.

Chini ya miguu nabandika mchanga wa ufukweni uliochekechwa. Udongo wetu mwekundu wa huku juu ni mzuri, lakini gundi huufanya uwe mweusi, na isitoshe Liuli ni mchanga.

Vanishi isiyong'aa ndiyo ya mwisho. Mwaka jana niliwapulizia sita asubuhi ya ukungu. Unyevu ukaingia, wote wakatoka na utando mweupe kama wametumbukia kwenye unga wa muhogo. Siku hizi nangoja saa tano, jua likiwa limeshakausha nyasi.