Mtu wa Kisiwani na Ndoto ya Mlima

Wahenga walinena kuwa milima haikutani, binadamu hukutana. Je, mtu wa kisiwani na mlima wakikutana, huambiana nini?

Ndugu msomaji, mimi ni mzawa wa Lamu, ambako miguu hujua mchanga na kilindi cha maji. Lakini mpwa wangu anafanya kazi Thika, naye amekaa Ngoingwa, kitongoji cha mji huo kilicho njia ya Mang'u, nami humzuru kila nipatapo nafasi. Thika imeinuka kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Kwa mtu wa pwani hapo pekee ni mlimani. Baada ya sala ya alfajiri, mbingu zikiwa safi, waona upande wa kaskazini Mlima Kenya wenye mita 5,199, na barafu yake inayopungua mwaka hadi mwaka. Ukigeuka kusini-mashariki waona Kilimambogo, mita 2,145. Jua likipanda, wingu nalo huja likaufunika ule mkubwa.

Nina nia ya kuupanda. Nina na utenzi uliokwama katikati. Kisiwani, siku si ya mtu peke yake: kuna maziko, arusi, maulidi, mgonjwa wa kuzuriwa, na jirani mwenye barua ya kusomewa. Hizo ni haki za watu, wala sizilalamikii. Lakini magoti ya mtu aliyepita hamsini hayangoji, na kalamu ikikauka ni taabu kuilainisha.

Wako wanaoninasihi nihame, nitafute upweke ndipo nitunge. La hasha! Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2021, alikuwa mvuvi, baharia na mchukuzi wa mizigo. Diwani yake, Kimbunga, ilipigwa chapa 1994, umri wake ukiwa umefika miaka sitini. Nyavu na magunia havikumzuia kutunga, na hao samaki na mawimbi ndio waliompa la kusema.

Tena tunao mfano ulio bora kuliko yote. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akipanda Jabal Nur, akikaa pangoni Hira masiku kadhaa na chakula chake kidogo, kisha hurejea nyumbani kwa Bibi Khadija kuchukua kingine. Alipanda, akateremka, akapanda tena. Hakuwaacha watu wake kwa ajili ya mlima, wala hakuuacha mlima kwa ajili ya watu.

Wenye kuujua Mlima Kenya nao husema mamoja. Kilele cha Lenana, mita 4,985, hupandwa kwa miguu bila ya kamba. Batian na Nelion ndivyo vya mafundi. Lakini hata Lenana huchukua siku tatu hadi tano, watu wakilala njiani ili mwili uizoee hewa nyepesi. Mwenye kukimbia huumwa na kichwa, akatapika, na mara nyingi huteremshwa kabla ya kufika.

Mali nayo haimfikishi mtu. Pale Kilimambogo limo kaburi la tajiri McMillan, aliyefariki 1925. Alitaka azikwe kileleni; gari lililochukua maiti likashindwa kupanda, akazikwa papo njiani.

Basi nimejipangia hivi. Kila alfajiri, kabla mlango haujabishwa hodi, natunga beti tatu tu, ziwe mbovu au nzuri. Alasiri natembea ufukweni hadi Shela na kurudi, kwani mchanga laini ni mwalimu mkali wa magoti. Safari nyingine ya Ngoingwa, inshallah, nitaanza na Kilimambogo, kiasi cha kilomita 9 kutoka langoni hadi juu, pamoja na askari wa wanyama pori kwa sababu ya hao mbogo wenyewe. Lenana itafuata, Mungu akinipa uhai.

Na wewe msomaji uliye na jambo lako ulilolikunja sandukuni kwa sababu ya shughuli za watu, likunjue japo nusu saa kwa siku. Nakuachia ubeti huu:

Kisiwa sitakiacha, ndicho kilichonilea,
Na kila panapokucha, utungo naendelea,
Mlima ukijificha, na wingu kuuenea,
Kwenda pole si kukacha, ni njia ya kusogea.